Nchi Jirani: Ngao ya Mmoja, Hofu ya Mwingine

Tarehe 24 Julai 2024, saa 10 na dakika 20 jioni kwa saa za India, kombora lilirushwa kutoka Dhamra, katika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Kombora hilo halikuwa la kumpiga mtu. Lilikuwa shabaha tu, lililotengenezwa ili liige mwendo wa kombora la adui. Rada za nchi kavu na za baharini zikaliona na kulifuata, na ilipotimia saa 10 na dakika 24 kombora la pili likaruka kutoka kituo cha Chandipur, katika pwani hiyo hiyo, kwenda kulikabili. Kati ya mruko wa kwanza na wa pili zilipita dakika nne. Serikali ya India ikatangaza kwamba jaribio limefaulu, na kwamba nchi hiyo imeonyesha uwezo wa kujikinga na makombora yenye masafa ya kilomita 5,000.

Kwa mtu asiye askari, habari ya namna hiyo huonekana kuwa ya heri tupu. Silaha iliyojaribiwa haikukusudiwa kuangamiza mji wala kuvuka mpaka. Kazi yake ni kuzuia. Nani basi atachukizwa na jirani anayejichongea ngao? Hata hivyo, katika nchi jirani ya Pakistan ngao hiyo imezusha wasiwasi tangu jaribio la kwanza la mwaka 2006, na wasiwasi huo umezaa silaha mpya. Ili kuelewa sababu, hapana budi kuangalia jinsi kombora la kinga linavyofanya kazi, jinsi linavyojaribiwa, na jinsi jirani anavyolitazama akiwa upande wa pili wa mpaka.

India na Pakistan zilijipatia uhuru mwezi mmoja, Agosti 1947, Uingereza ilipoondoka na nchi moja ikagawanywa kuwa mbili. Tangu hapo zimepigana mara kadhaa, hasa kwa sababu ya Kashmir. Mwezi wa Aprili 1998 Pakistan ilijaribu kombora lake liitwalo Ghauri. Mwezi uliofuata India ililipua mabomu ya nyuklia chini ya ardhi huko Pokhran, tarehe 11 na 13; na kabla mwezi wa Mei haujaisha, tarehe 28 na 30, Pakistan nayo ikajibu kwa kulipua ya kwake katika jimbo la Balochistan. Mwaka 1999 majeshi ya nchi hizo yakapigana tena katika milima ya Kargil. Kwa hiyo zilikuwa nchi mbili jirani, kila moja ina bomu la nyuklia, kila moja ina kombora la kulibeba, na damu ilikuwa bado inamwagika mpakani. Katika hali hiyo ndipo shirika la utafiti wa zana za ulinzi la India, lijulikanalo kwa herufi DRDO, lilipoianza kazi ya kutengeneza kombora la kutungua makombora.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Kombora la balistiki husukumwa na injini yake kwa muda mfupi tu mwanzoni. Injini ikizimika, kombora huendelea kupaa kwa nguvu ya msukumo ule, kisha hugeuka na kuanguka kuelekea shabaha yake, kama jiwe lililotupwa kwa kombeo. Likianguka huwa na mwendo mkubwa kupita wa ndege yoyote ya vita. Askari wa mizinga ya kutungulia ndege anajua kwamba ndege haipigwi pale ilipo, bali pale itakapokuwa. Kanuni ndiyo hiyo hiyo, ila hapa muda wa kupima na kukata shauri ni wa dakika na nukta, na mwanadamu hawezi kuifanya hesabu hiyo kwa akili yake. Rada huona, kompyuta hupiga hesabu ya njia na mahali pa kukutania, na kombora la kinga hurushwa kwenda mahali hapo. Likikaribia, chombo cha kutafuta kilichomo katika kichwa chake huongoza nukta za mwisho za safari.

Wataalamu wa India walichagua kumngojea adui mwishoni mwa safari yake, katika tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ni ya juu, mahali ambapo hewa ni nyepesi mno au karibu haipo kabisa. Huko lilipangiwa kombora lililotokana na kombora la Prithvi, ambalo India ilikuwa nalo tangu zamani. Tabaka ya pili ni ya chini, ndani ya hewa, kwenye kimo kisichozidi kilomita 30. Huko lilipangiwa kombora jembamba na jepesi zaidi, lenye urefu wa mita saba na nusu hivi. Kitakachoponyoka juu kikamatwe chini. Kwa upande wa macho, ilitumiwa rada kubwa iliyotokana na rada ya Kiisraeli iitwayo Green Pine.

Jaribio la kwanza lilifanywa tarehe 27 Novemba 2006. Kombora la Prithvi lililofanywa shabaha lilirushwa kutoka Chandipur, na kombora la kinga likaruka kutoka kisiwa cha Wheeler, ambacho mwaka 2015 kilipewa jina la Abdul Kalam. Shabaha ilipigwa kwenye kimo cha kilomita 50 hivi. Tarehe 6 Desemba 2007 ikafika zamu ya kombora la tabaka ya chini, nalo likapiga shabaha yake kwenye kimo cha kilomita 15. Tarehe 6 Machi 2009 shabaha ilirushwa kutoka katika manowari baharini, ikapigwa kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 70.

Yapo pia majaribio ambayo hayakwenda kama yalivyopangwa. Mwezi wa Machi 2010 shabaha yenyewe ilipotea njia, na kombora la kinga halikurushwa. Jaribio likarudiwa tarehe 26 Julai mwaka huo na likafaulu. Tarehe 6 Aprili 2015 kombora la kinga liliruka, lakini muda mfupi baadaye likaanguka baharini. Mambo hayo si ya kuchekwa. Zana yoyote mpya hupitia njia hiyo, na taifa linaloogopa kushindwa katika uwanja wa majaribio hujiwekea akiba ya kushindwa vitani.

Jambo la kuangaliwa kwa makini ni maana ya neno "limefaulu". Katika jaribio, mrushaji wa shabaha na mrushaji wa kombora la kinga ni watu wa jeshi moja. Siku inajulikana. Mahali pa kutokea shabaha panajulikana, na upande itakaoelekea unajulikana. Bahari hufungwa kwa meli na anga kwa ndege. Katika jaribio la Julai 2024, watawala wa wilaya ya Balasore waliwahamisha kwa muda watu zaidi ya 10,000 wa vijiji vilivyo karibu na kituo cha Chandipur, nao wakalipwa fidia. Askari polisi ajuaye taabu ya kuhamisha hata kijiji kimoja ataelewa ni maandalizi ya namna gani hayo. Vitani hakuna atakayehamishwa kabla, na adui hatumi shabaha moja kwa saa iliyotangazwa. Atatuma makombora mengi kwa pamoja, na katikati yake atachanganya vitu vya udanganyifu ili rada isijue lipi ni kombora na lipi ni bati tupu. India yenyewe inalijua hilo. Ndiyo sababu katika jaribio la tarehe 23 Novemba 2012 kompyuta zilipewa shabaha ya pili ya kubuni pamoja na ile ya kweli, ili mtambo upimwe kwa mambo mawili kwa wakati mmoja.

Mfano wa Marekani unaonyesha jinsi matokeo ya majaribio yanavyopaswa kusomwa kwa hadhari. Katika miaka ya 1983 na 1984 jeshi la nchi kavu la Marekani lilifanya majaribio manne ya kombora la kinga lililorushwa kutoka visiwa vya Kwajalein katika bahari ya Pasifiki, huku shabaha zikitoka California. Matatu ya kwanza yalishindwa. La nne, tarehe 10 Juni 1984, liligonga shabaha yake kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 160, na dunia ikastaajabu. Miaka kumi baadaye, wakaguzi wa Bunge la Marekani walitoa taarifa yao. Walieleza kwamba katika majaribio ya mwanzo kulikuwako mpango wa siri wa kuilipua shabaha endapo kombora lingepita karibu bila kuigonga, ili Warusi wadhani kwamba imegongwa. Mpango huo haukupata nafasi ya kutumiwa, na ulikuwa umekwisha kuachwa kabla ya jaribio la nne. Lakini wakaguzi waliona pia kwamba katika jaribio hilo la nne shabaha ilikuwa imepashwa moto, na ikageuzwa ubavu, ili chombo cha kutafuta kiione kwa urahisi. Kugonga kulikuwa kwa kweli. Wepesi wa kugonga ulikuwa umeandaliwa.

Hapo ndipo linapojitokeza jambo kubwa zaidi. Jaribio la kombora la kinga hutazamwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wahandisi, ambao hutaka kujua kama mtambo unafanya kazi. Wa pili ni jirani, ambaye hutaka kujua kama silaha zake bado zina maana. Na jirani hangoji mtambo ukamilike ndipo aanze kujibu.

Pakistan ni nchi ndogo kuliko India kwa watu, kwa uchumi na kwa jeshi la kawaida. Viongozi wake wameitegemea silaha ya nyuklia kama kizuizi cha mwisho: kwamba jirani mkubwa hatathubutu kuwavamia, kwa kuwa anajua atalipizwa. Sasa jirani huyo akipata ngao, hata ngao yenye matundu, mizani hiyo huyumba. Majemadari wa Pakistan hujiuliza: je, kama India itatangulia kupiga na kuharibu sehemu kubwa ya makombora yetu yangali chini, kisha machache yatakayosalia na kurushwa yazuiwe na ngao, tutabaki na nini? India inaweza kusema kwa moyo safi kwamba haina nia hiyo. Lakini afisa wa mipango ya vita hapangi kwa kufuata nia ya jirani, ambayo yaweza kugeuka usiku mmoja. Hupanga kwa kufuata uwezo wake.

Jibu la Pakistan halikuwa kutengeneza ngao kama ile. Lilikuwa kutafuta njia za kuipita. Tarehe 9 Januari 2017 ilijaribu kurusha kutoka chini ya maji kombora la Babur-3, la jamii ya makombora yarukayo chini chini kama ndege. Ngao iliyotengenezwa ili kukabili kitu kiangukacho kutoka juu haiwezi kutegemewa kukiona kitu kinachoambaa juu ya ardhi. Tarehe 24 Januari mwaka huo huo ikajaribu kombora la Ababeel, lenye masafa ya kilomita 2,200, linalokusudiwa kubeba vichwa kadhaa, kila kimoja kiende kwenye shabaha yake. Jeshi la Pakistan lilieleza wazi kwamba kombora hilo lilitengenezwa kwa sababu ya kukua kwa mitambo ya kuzuia makombora katika eneo hilo.

Hesabu yake ni nyepesi kuieleza. Kombora moja lenye vichwa vitatu humlazimu mwenye ngao awe na makombora ya kinga matatu, na akitaka hakika zaidi, sita. Mwenye ngao akiongeza idadi, mwenye mkuki huongeza vichwa. Ndivyo kitu kilichoanzishwa kwa nia ya kupunguza hatari kinavyoweza kuongeza idadi ya mabomu mpakani.

Mambo hayo hayakuanza Bara Hindi. Marekani na Urusi ya Kisovieti ziliyatambua mapema, na tarehe 26 Mei 1972 zilitia sahihi mjini Moscow mkataba wa kuwekeana mipaka katika mitambo ya kuzuia makombora. Wazo lake lilikuwa kwamba pande zote mbili zikikubali kuwa na ngao ndogo, hakutakuwa na sababu ya kushindana kuongeza mikuki. Mkataba huo ulidumu miaka 30, hadi Marekani ilipojitoa mwezi wa Juni 2002. Kati ya India na Pakistan haujapata kuwako mkataba wa namna hiyo.

Isitoshe, Pakistan si jirani pekee. Kombora la masafa marefu kuliko yote la Pakistan halifiki kilomita 3,000. Hivyo ngao dhidi ya makombora ya kilomita 5,000 inatazama upande wa China, ambayo ilipigana na India mwaka 1962. China nayo ilifanya jaribio lake la kutungua kombora angani tarehe 11 Januari 2010, nayo jicho lake liko kwa Marekani. Ni mnyororo: mmoja akivuta pete moja, zote hulia.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mpaka kati ya ngao na mkuki si mnene. Tarehe 27 Machi 2019 India ilitumia kombora lililotokana na mpango ule ule wa kinga kuiangamiza setilaiti yake yenyewe, iliyokuwa ikizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 300 hivi. Mtambo uwezao kukutana na kombora nje ya hewa unaweza pia kupofusha macho ya mwingine angani. Kwa hiyo jirani anapotilia shaka neno "kinga", shaka yake si ya mtu mwoga tu.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, haimo katika wingi wa silaha bali katika uchache wa muda. Nchi hizo zimepakana. Lahore iko karibu kabisa na mpaka, na kombora kutoka nchi moja laweza kuufikia mji mkuu wa nyingine kwa dakika chache, muda usiotosha kuitisha mkutano wa Baraza la Mawaziri. Tarehe 9 Machi 2022 kombora lilifyatuka kutoka India, likavuka mpaka na kuanguka karibu na mji wa Mian Channu, zaidi ya kilomita 100 ndani ya Pakistan. Kwa bahati halikumwua mtu. Ilichukua siku mbili India kukiri hadharani kwamba lilifyatuka kwa makosa wakati wa matengenezo, na mwezi wa Agosti maafisa watatu wa jeshi lake la anga wakafukuzwa kazi. Pakistan ililalamika kwamba haikuarifiwa papo hapo. Siku ile wanajeshi wa Pakistan waliliona kombora kwenye rada zao, na hawakujibu kwa moto. Lakini kadiri mitambo inavyofundishwa kuona na kuruka bila kungoja, ndivyo nafasi ya afisa kutulia na kuuliza inavyopungua.

Pamoja na uhasama wao, majirani hao wamejiwekea taratibu ambazo hazina budi kusifiwa. Tarehe 31 Desemba 1988 walikubaliana kutoshambulia vituo vya nyuklia vya kila upande, na tangu mwaka 1992 wamekuwa wakibadilishana orodha ya vituo hivyo kila tarehe 1 Januari, hata katika miaka ya chuki kubwa. Tarehe 3 Oktoba 2005 walitia sahihi mapatano ya kuarifiana, angalau siku tatu kabla, juu ya kila jaribio la kombora la balistiki. Mapatano hayo yanataka pia kwamba kombora lisirushwe kutoka mahali palipo chini ya kilomita 40 kutoka mpakani, wala lisiangukie karibu na mpaka. Lakini yanahusu makombora ya balistiki ya kupiga shabaha za ardhini tu. Makombora yarukayo chini chini hayamo, na makombora ya kinga hayamo. Pengo hilo lilionekana wazi siku ya Mian Channu.

Mwezi wa Mei 2025 nchi hizo zilipigana tena kwa siku nne, kwa makombora, ndege na vyombo virukavyo bila rubani. Kila upande ulidai kwamba umetungua vingi vya mwenzake. Mapigano hayo yalisimamishwa tarehe 10 Mei, baada ya wakuu wa operesheni wa majeshi hayo mawili kuzungumza kwa simu.

Ndugu wasikilizaji, askari wa ulinzi na wa usalama hana haja ya kuwa mhandisi wa makombora ili apate funzo katika habari hizi. Anaposikia kwamba jaribio la silaha mpya ya kinga limefaulu, na aulize mambo matatu: limefaulu katika hali gani, jirani amelitafsiri vipi, na ni njia gani iliyo wazi ya kumweleza jirani huyo ukweli kabla hajakata shauri. Hata yule alindaye kituo kidogo cha mpakani hukutana na jambo lilo hilo. Handaki analochimba kwa kujikinga huonekana upande wa pili kama maandalizi ya kuvamia, mpaka pale kamanda wa upande huu anapokwenda kukutana na kamanda wa upande ule.

Hakuna taifa linaloweza kulaumiwa kwa kutaka kuwalinda watu wake, na India ina haki hiyo kama nchi nyingine yoyote. Lakini ngao humlinda mwenye kuibeba endapo jirani yake anajua kwa hakika kwamba hakuna upanga uliofichwa nyuma yake. Hakika hiyo hailetwi na rada wala na kombora. Huletwa na mapatano yaliyoandikwa na kuheshimiwa, na simu inayopokelewa usiku wa manane na mtu aliye macho.